Zamu ya Kiangi

Watani wa Wapare husema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Koleta Mmbaga alikuwa Mpare wa damu, na kesi aliyopewa safari hii haikufika hata kuku. Ilikuwa kesi ya jina.

Alikuwa ameketi kwenye mgahawa ulio jirani na stendi ya Same, bakuli la supu mbele yake, mgongo ameupa barabara kuu na uso ameupa milima. Kazi ya upelelezi polisi ilimfundisha kukaa akitazama mlango, lakini asubuhi ile aliivunja kanuni yake mwenyewe bila hata kujitetea. Ukungu ulikuwa bado umelala mabegani mwa milima. Utotoni alizoea kuutazama ukungu huohuo kutoka juu, kijijini kwao, ng'ambo kidogo ya Suji, na Same ilikuwa mji wa mbali uliofichwa chini yake, mji wa soda baridi na honi za malori. Sasa alikuwa mkaguzi mstaafu wa polisi, magoti yanamsumbua, na chuo kikuu kilimwita kila kilipopata jambo la aibu ambalo hakikutaka lifike kwa polisi wenye sare.

Mbele yake aliketi mlalamikaji, Dokta Irine, mwalimu wa fizikia katika chuo hicho, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyekulia kwenye kota za Tanga. Alikuwa mwembamba, mvi zake hakujisumbua kuzipaka rangi, na chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Koleta alikwisha kuyasoma malalamiko yake, lakini alimwomba ayaseme upya kwa mdomo. Karatasi husema yote kwa sauti moja. Mtu hukwama pale panapomuuma.

Kisa kilianza na picha. Jarida moja kubwa la Ulaya liliamua kuadhimisha robo karne ya makala iliyotoka kwenye maabara ya Profesa Aminieli Mbwambo, mzaliwa wa Suji, mtaalamu wa fizikia ya yabisi, yaani elimu ya jinsi chembe zinavyojipanga ndani ya vitu vigumu. Makala hiyo ilikuwa imenukuliwa na watafiti kwa maelfu. Katika fani yao, Irine alieleza, kunukuliwa ndiyo mizani: ukivumbua kitu na wengine wakajenga juu yake, kila anayejenga hukutaja, na hesabu ya kutajwa huko ndiyo inayompandisha mtu cheo. Basi jarida likaomba picha ya mwandishi wa kwanza. Mwandishi wa kwanza alikuwa R. Kiangi. Hapo ndipo chuo kizima kilipozinduka kwamba hakuna aliyewahi kumtia machoni huyo R. Kiangi. Hakuwa na ofisi, hakuwa na anwani, hakuna mwanafunzi aliyemkumbuka. Lakini jina lake lilikuwa kwenye makala nyingi za Profesa, na kwenye orodha za mtandaoni lilikuwa limewaacha mbali maprofesa wazima wazima wa nchi hii.

"Nani aliifanya ile kazi?" Koleta aliuliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Kwa mikono yangu. Tulichukua mchanga mweusi wa mito ya kwenu huko juu, ule ambao wahenga wenu waliyeyushia chuma. Nikausaga mpaka chembe zake zikawa ndogo mno. Chembe ya chuma ikiwa ndogo hivyo, tena ikiwa peke yake, husahau. Unaielekeza kaskazini kwa sumaku, ukirudi unakuta imegeuka ovyo. Mimi niliona kwamba zikipangwa karibukaribu, hukumbushana. Moja ikitaka kusahau, majirani wanairudisha. Makala yote ni hiyo, Afande."

"Na Profesa akaweka Kiangi mbele."

"Kiangi mbele, mimi wa pili. Nikamuuliza huyu ni nani. Akacheka, akasema ni mwenzetu, ni vile tu hukumkuta. Nilikuwa mwanafunzi. Ningesema nini?"

Anayehesabiwa ni wa kwanza. Wa pili ni msindikizaji. Vijana aliowafundisha Irine walikuwa wameshaitwa maprofesa, na yeye bado alikuwa daktari. Alisema hayo bila machozi, na Koleta alimheshimu kwa hilo. Kilichompa shida Irine ni mambo mengine, yale ambayo hakuyaandika kwenye malalamiko. Kwamba kila Ijumaa Profesa alileta hotipoti la makande kutoka nyumbani, wakala watatu chungu kimoja: yeye, Irine na kijana mwingine aliyeitwa Habibu, ambaye siku hizi anafundisha Unguja. Kwamba alipojifungua, Profesa ndiye aliyempelekea mama yake mzazi nauli ya kuja kumlea. Habibu naye, Koleta alipompigia simu, alieleza habari za makande kabla ya kueleza habari za fizikia.

Tume ya chuo ilikwisha kuweka msimamo. Kiangi akithibitika ni jina la kubuni, au la kufichia wizi, jarida litaifuta makala, na maabara mpya iliyokuwa ipewe jina la Profesa itabaki bila jina. Profesa mwenyewe hakuweza kujitetea. Alikuwa amestaafu zamani na kurudi Suji, na kumbukumbu zilikuwa zikimponyoka.

"Unataka nini hasa, Daktari?"

"Nataka aseme mbele yangu kwamba aliniibia."

"Na akishindwa kusema?"

Irine aliitazama chai yake iliyopoa. "Basi nimwone huyo Kiangi," alisema.

Same haina uhaba wa akina Kiangi. Koleta aliuliza kwa mwenye mgahawa, akaelekezwa kwa mama wa mitumba, naye akawapeleka kwa mkono kabisa hadi kwenye duka la vipuri vya bodaboda. Mwenye duka aliitwa Rogath Kiangi. Moyo wa Koleta uliruka kidogo, ingawa uzee wa kazi ulimwambia aushike. Jamaa alikuwa na mnyororo wa pikipiki mkononi na grisi mpaka kwenye viwiko. Alipoulizwa kama amewahi kuandika habari za chembe za chuma, aliwatazama wote wawili kwa zamu, akasema chuma anachokijua yeye ni hicho alichoshika, na hakiandikwi, kinauzwa.

Koleta alicheka kwa adabu na kuanza kuaga. Ndipo yule bwana akafuta mikono.

"Au mnamtafuta mwenye jina?"

Mwenye jina alikuwa baba yake mkubwa, Rogath Kiangi wa Suji, msomi aliyekwenda mpaka Ulaya. Muuza vipuri alizaliwa muda mfupi baada ya maziko yake, akapewa jina lake ili lisipotee. Koleta alimuuliza amezaliwa lini. Akataja mwaka, na Irine, ambaye hesabu ni kazi yake, akakunja uso papo hapo. Makala ilitoka zaidi ya miaka kumi baadaye.

Walirudi garini. Walikuwa wamekuja kumtafuta mtu asiyekuwepo, na sasa walikuwa na mtu aliyekuwepo kabisa, tena msomi, ila alitangulia mbele ya haki kabla Irine hajakanyaga chuo.

"Hii ni mbaya zaidi, Afande," Irine alisema. "Kumbe hakubuni. Alichukua jina la marehemu, mtu ambaye hatasimama kumuumbua."

Koleta alifunga mkanda wa gari. Mpelelezi anayejibu upesi hujifungia mlango, na yeye alikuwa na swali moja lililomkera tangu asubuhi: mwizi huiba ili apate. Profesa alipata nini? Jina lake mwenyewe kwenye makala ile lilikuwa la mwisho.

Barabara ya Suji haijui kunyooka. Wakitokea Makanya, dereva wao Rodrick, kijana wa maneno machache, alilipandisha gari kona baada ya kona, bonde likizidi kushuka ubavuni na Irine amefumba macho. Koleta alishusha kioo. Hewa ilianza kupoa, ikaja harufu ya moshi wa kuni, kisha ya migomba iliyolowa, na hapo pua yake ikawa ya mtoto wa darasa la tatu. Mahali fulani mfereji ulikatiza chini ya barabara. Alimwomba Rodrick asimame, akashuka kwa magoti yake mabovu, akatia mkono majini. Yalikuwa baridi vilevile.

Irine alishuka akamuuliza kulikoni, naye Koleta akajikuta anamsimulia habari za ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo wazee walilijenga kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, pembe ikipulizwa kila mtu anatoka na jembe lake. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na maji hushuka mashambani kwa zamu. Alasiri ya kila siku mwita zamu husimama ukingoni akaita majina ya zamu za kesho yake kwa mpangilio usiobadilika. Ukiitwa unajibu, "Nimepokea." Usipojibu, maji yanampita mwenye jina yanakwenda kwa anayefuata, na usimlaumu mtu.

Kulikuwa na siku, Koleta alisema, zamu ilipomwangukia babu yake ukingo ukiwa umepasuka. Wakapata kijito cha kunawia uso. Kesho yake mvua ikanyesha, ndiva ikafurika, na jirani yao akamwagilia mpaka akachoka. Koleta alilia kwa hasira. Babu yake aliketi juu ya jembe, akamwambia maji ya zamu yako ni yako, yawe mengi yawe haba, na ya mwenzako hayahesabiwi. Alikuwa hajamsimulia mtu kisa hicho tangu amzike huyo mzee. Irine alimsikiliza kwa heshima, ila kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye maji ya bomba.

Nyumba ya Profesa ilikuwa ya matofali ya kuchoma, kahawa mbele, migomba nyuma. Neema, binti yake, aliwapokea na kuwaingiza sebuleni alikokaa mzee, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Alikuwa safi, mpole, mwenye tabasamu la kumkaribisha kila mtu na kutomjua yeyote.

"Shikamoo, Baba," Koleta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Koleta akamtajia ukoo, na mzee akaridhika. Irine naye akaamkia. Profesa alimtazama kwa adabu ileile aliyompa Rodrick aliyesimama mlangoni, akamuuliza kama huko anakotoka mvua imenyesha. Irine alijibu kwamba bado, kisha akaenda kusimama dirishani.

"Baba," Koleta aliuliza, "Kiangi yupo?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Zamu yake bado." Mzee aliinua kidole kama anayefundisha. "Amepita Habibu, atakuja Mbwambo, ndiyo Kiangi. Mmekula?"

Akageukia habari za chakula na hakutoka tena huko. Neema aliwatengea makande, akaomba radhi kwa sauti ya chini. Ndivyo alivyo siku hizi, alisema. Kila alasiri lazima apelekwe ndivani, asipopelekwa anagoma kula. Akifika huko anaita majina ya watu ambao kijiji hakiwajui. Wenyeji wanamheshimu, wanamwacha amalize, kisha Sifael, mwita zamu halisi, anaita majina ya kweli.

"Anamwita Habibu," Neema alisema. "Suji yote hii, Habibu anatoka wapi?"

Koleta aliacha kutafuna. Akakirudisha kijiko kwenye sahani. Akauliza kama Rogath Kiangi aliacha mjane, na anakaa wapi. Neema akaonyesha nyumba ya pili, ng'ambo ya mfereji.

Mjane aliitwa Anaeli, ila kijiji kizima kilimjua kama Mama Agape, kwa jina la kitinda mimba wake. Walimkuta akichambua maharage barazani. Walimwamkia, wakapewa vigoda, na Koleta akamwambia ukweli wote, kwa sababu mama wa aina ile ukimzungusha anafunga mdomo.

Mama Agape alieleza bila haraka. Mume wake na Aminieli walisoma pamoja tangu shule ya msingi, wakiitana kwa majina ya baba zao, Kiangi na Mbwambo, kama wavulana wanavyofanya. Wakaenda Ulaya pamoja, wakarudi pamoja na wazo moja: kuanzisha maabara ya vitu vigumu kwenye chuo ambacho hakikuwa na hata tanuri. Waliandika maombi kwa miaka mingi. Tanuri lilipofika bandari ya Tanga, Kiangi alikwenda kulipokea. Lori lilipinduka njiani. Tanuri lilinusurika, yeye hakunusurika.

"Tanuri lile?" Irine aliuliza. "Lenye ubavu uliobonyea?"

"Mimi sikuliona, mwanangu. Nilimwona yeye."

Irine aliuziba mdomo kwa kiganja. Alilitumia tanuri lile miaka yake yote ya uanafunzi. Aliupangusa ubavu ule uliobonyea kila Jumatatu, akiwalaumu wapakizi wa bandarini.

Koleta akauliza kama Profesa aliwahi kufika pale baada ya msiba.

"Kila baada ya muda," mjane alisema. "Anatoka Dar mpaka hapa. Anasimama pale mpakani, haingii, anaita, 'Kwa Kiangi, maji!' Mara ya kwanza nilidhani msiba umemchanganya. Lakini ukiitwa unajibu. Nikasema, 'Tumepokea.' Ndipo akaingia, akanisomea kitu cha Kizungu, halafu akanieleza kwa Kipare. Kimoja nakikumbuka. Chembe za chuma zinazokumbushana. Nilicheka, nikamwambia hata chuma kina ujirani."

"Hukumuuliza kwa nini anafanya hivyo?"

Mama Agape alimshangaa. "Wewe si mtoto wa huku? Mtu akifa akichimba mfereji kabla maji hayajapita, zamu yake inafutwa?"

"Haifutwi," Koleta alisema polepole.

"Haifutwi mpaka mtoto wake wa mwisho apate shamba lake."

Koleta akauliza Agape yuko wapi, na alianza kazi mwaka gani. Agape alikuwa mwalimu wa sekondari huko Ugweno. Mama alitaja mwaka wa ajira yake kwa fahari. Irine alitoa simu, akaifungua orodha ya makala za Profesa, akaiteremsha kwa kidole. Jina la Kiangi lilikuwa limeonekana kwa mara ya mwisho mwaka huohuo. Baada ya hapo halikutokea tena popote.

Walipotoka pale, jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi na Neema alikuwa tayari njiani na baba yake, amemshika kiwiko. Koleta na Irine walifuata nyuma kwenye ukingo wa mfereji. Koleta alimwomba Irine amsomee waandishi wa kwanza wa makala zile, tangu Habibu alipojiunga nao.

Irine alisoma. Mbwambo. Kiangi. Irine. Habibu. Mbwambo. Kiangi. Irine. Habibu. Sauti yake ilianza ya kawaida, ikapungua, ikawa ya mtu anayesoma barua ya msiba. Kwa miaka yote hiyo aliitazama orodha ile akitafuta jina lake tu. Hakuwahi kuyasikia majina yakipita moja moja.

"Hapa pamevunjika," alisema ghafla, kama anayeshika kamba ya mwisho. "Hapa nilipaswa kuwa mimi, lakini ni Habibu. Halafu mbele nimewekwa mara mbili mfululizo."

"Ulikuwa wapi wakati huo?"

Irine alisimama. "Nilikuwa nimejifungua." Akaitazama tena simu. "Niliporudi akanipa mbili. Nilidhani ananihurumia."

"Mwenye zamu akiugua au akizaa, maji yake anaazimwa mwenzake. Akirudi analipwa. Hiyo si huruma, Daktari. Hiyo ni ndiva."

"Na makala yangu?"

"Yalikuwa maji ya kazi yako, ila yalifika kwenye zamu ya Kiangi. Naye Mbwambo zamu yake ilipofika alipata nini?"

Irine alizijua zile makala. Zilikuwa kavu, hakuna aliyezinukuu. Profesa wa dunia nzima, na zile alizotangulia yeye mwenyewe zilikuwa kijito cha kunawia uso. Siku ile makala ya chembe inatumwa, hakuna aliyejua kwamba ingefurika. Irine alitamka hayo mwenyewe, kwa uchungu, kwa sababu alikuwa mwanasayansi na ushahidi ulikuwa mkononi mwake.

"Angeniambia," alisema. "Sentensi moja tu. Ningeelewa."

"Hakujua kwamba hujui. Huku hakuna mtu anayeelezwa zamu. Unazaliwa unaikuta."

"Kwa hiyo hana kosa?"

Koleta alisimama ili apumzishe goti, na ili aseme sawasawa. Alisema kosa lipo, na ataliandika. Kanuni za fani yao haziruhusu marehemu kuandika, na anayetangulia ni aliyefanya kazi, si aliyefikiwa na zamu. Irine aliumizwa kweli, na cheo alichokosa hakilipwi na hadithi nzuri. "Simsafishi kwa maji ya ndiva," alisema. Lakini jarida likiambiwa ni kosa la kupanga majina, litasahihisha: litamweka Irine mbele na marehemu kwenye shukrani. Likiambiwa ni wizi, litafuta kila kitu. Na wizi ni neno la mlalamikaji. "Ukisema aliiba, nitaandika umesema aliiba. Neno ni lako."

Walikuwa wamefika.

Ndiva ilikuwa ndogo kuliko ya utotoni mwa Koleta, au ni macho yake yaliyokuwa yamekua. Sehemu ya ukingo ilikuwa imetiwa saruji, na mabomba meusi yalipita kando. Lakini harufu ya tope ilikuwa ileile, na watu wachache waliosimama pale na majembe walikuwa na kusubiri kulekule. Sifael, mwita zamu, alimwona Profesa, akavua kofia, akasogea pembeni bila kuambiwa. Mama Agape alikuwa amekuja pia, kanga begani, akasimama ng'ambo.

Mzee aliachia kiwiko cha Neema. Alipanda jiwe la ukingoni kwa mguu uliolijua, akaweka kiganja kando ya mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya yule mgonjwa wa sebuleni. Ilikuwa sauti ya darasani, ile iliyofika kiti cha nyuma bila kipaza sauti, na Irine alishtuka alipoisikia.

"Mbwambo!"

Akajijibu mwenyewe kwa utulivu. "Nimepokea."

"Kiangi!"

"Tumepokea," Mama Agape alisema kutoka ng'ambo.

"Irine!"

Kimya. Wenyeji waliinamisha macho. Walikwisha kuuzoea ukimya wa jina hilo. Neema alimnong'oneza Koleta kwamba hapa ndipo huwa panamchosha. Hulirudia, kisha hungoja, halafu huinamisha kichwa kwa huzuni na kuendelea na Habibu, ambaye naye hajibu.

"Irine!" mzee aliita tena, akiyatazama maji.

Koleta hakumgeukia mwenzake. Kuna nyakati mpelelezi hatakiwi kuona. Alisikia pumzi ikivutwa, kisha nyasi zikikanyagwa, Irine akisogea mpaka ukingoni na viatu vyake vya mjini kwenye tope.

"Nimepokea, Profesa."

Mzee aligeuka. Alimtazama Irine kwa muda, na hakuna awezaye kuapa kwamba alimjua. Lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimekuita siku nyingi," alisema.

"Najua. Nisamehe, nilikuwa mbali."

"Haya. Kesho ni yako, usichelewe." Akarudi kuyatazama maji, akaweka tena kiganja mdomoni. "Habibu!"

"Profesa, subiri kidogo," Irine alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi, na hakuyajali. Alikuwa anahangaika na simu. Iliita, ikapokelewa, na sauti ya mtu wa Unguja ikasikika ikianza salamu ndefu. Irine aliiweka simu kwenye spika, akainyoosha kuelekea jiwe alilosimama mzee.

"Habibu, usiulize kitu," alisema. "Sema tu, 'Nimepokea.'"